Mkono wa Mama Kijiko

Usiku ule tulipongoja habari za mwanangu hospitalini, wifi yangu hakuketi. Alizunguka koridoni akijikuna mkono wa kushoto, ule aliouamini kuliko daktari yeyote.

Watu humwita Mama Kijiko. Huuza mafuta ya kupaka dirishani kwake, akiyapima kwa kijiko kutoka kwenye ndoo. Kila ndoo mpya huijaribu mkononi mwake. Akiamka bila kipele, basi mafuta ni salama, hata kwa mtoto mchanga. Mtaa mzima ulimwamini. Hata mimi ninayenusa maji kabla ya kumwogesha mtoto, kwake sikuwa na wasiwasi. Sasa, baada ya kumpaka mafuta yake, mgongo wa kitinda mimba wangu ulikuwa umechubuka kama uliopigwa na mvuke.

Alfajiri nesi alitoka na kikopo cha mafuta nilichokuja nacho. "Homa haijashuka. Haya mafuta yana nini ndani?"

"Ni ya watoto," wifi akasema. "Nimeyajaribu mwenyewe."

"Wapi?"

Wifi akanyoosha mkono. Nesi akaugeuza taratibu. "Huu umeshasugua masufuria mengi, shangazi. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, inanyonya kila unachompaka. Tukijua kilichomo, tutajua cha kumtibu."

Tulimwacha mume wangu na mtoto, tukaenda kwa muuzaji wa jumla anayemjazia wifi ndoo. Ghala lake lina mlango wa chuma wenye kidirisha, naye akachungulia hapo.

"Mama Kijiko, ndoo imeisha tayari?"

"Nataka kuliona pipa lenyewe, lenye maandishi ya kiwandani."

"Huo mchanganyiko ni siri ya biashara, dada."

"Siri yako iko mgongoni mwa mtoto wa kaka yangu."

"Si wewe uliyewauzia?"

"Ni mimi. Nitasema hivyo popote. Wewe utasema nini?"

Kidirisha kikafungwa. Wifi akafudikiza ndoo yake tupu, akaikalia katikati ya mlango. Kila mnunuzi aliyefika, wifi alimwambia, "Unampelekea mtoto? Uliza kwanza kilichomo. Mimi sikuuliza."

"Mama Kijiko, umegombana na mchumba?" mwanamke mmoja akamtania.

"Mchumba angenifungulia."

Wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka. Nikamnong'oneza, "Wifi, ataita askari."

"Aite. Askari hawaingii kwa kidirisha, itabidi awafungulie mlango."

Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma wakati komeo la mlango liliposogea. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, mkono ukatokeza na kifuniko cha pipa. "Chukueni, mniache nifanye kazi."

Wifi alikigeuza huku na huku. Hakikuwa na hata herufi moja. Akakitupa chini, akaupachika ukingo wa ndoo yake kwenye upenyo kabla mlango haujafungwa.

"Sikuja kuchukua kifuniko."

Akaweka bega lake kwenye chuma. Nami nikaweka langu, na mwanamke aliyetutania akaweka lake. Mlango ukalia, ukaanza kufunguka kwa ndani.