Maryse, mpika supu asiyeficha wivu wake

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Maryse Lacoumette anakoroga supu kwa mkono mmoja na mwingine ameushika kiunoni. Yuko kwenye nguzo ya pili, chini ya paa la soko la Montpézac, mkoani Gers. Sufuriani mna kabichi, maharage meupe, mapaja ya bata na mfupa wa nguruwe. Lakini macho yake yako kwenye barabara ya kanisa.

"Atatokea tu," anasema. "Na kikapu chake kile cha maonyesho."

Anayesubiriwa kwa kijicho hicho ni Régine Dauban. Kwa miaka kumi na tisa wanawake hawa walipika sufuria moja, Régine akikata na kuonja, Maryse akikoroga kulia kwake. Miaka mitatu iliyopita Régine aliondoka, akaanza kuwafundisha watalii upishi jikoni kwake. Tangu hapo hawasemezani.

Bakuli la Maryse ni yuro saba, na Jumamosi nzuri huuza sabini. Ukitoa nyama na gesi, kinachobaki si cha kujivunia. Mgeni mmoja wa Régine hulipa yuro mia moja na thelathini kwa siku, na vyombo anaosha mwenyewe.

"Kama namwonea wivu?" Maryse, mwenye miaka sitini na miwili, anacheka bila furaha. "Andika hivyo hivyo, mwanangu. Wivu mtupu. Usinitafutie neno zuri."

Saa tatu Régine anatokea, nyuma yake wageni kumi na wawili. Anawanusisha matikiti, anawafundisha kubonyeza jibini kwa kidole gumba. Anacheka sana. Maryse anamtazama, anachota chumvi, anatia. Anamtazama tena, anatia tena.

Wateja wanazidisha divai. Huku, mtu akikaribia kumaliza supu humimina divai nyekundu kwenye mchuzi uliobaki, akainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa. Ndiyo chabro, na divai kidogo tu hutosha. Leo mzee Aimé Castéra, mfugaji wa bata, amejaza bakuli mpaka ukingoni.

"Vipi Aimé, unaoa leo?" Maryse anamtania.

"Nina kiu, bibie. Leo umetupikia bahari."

Régine anapita na kundi lake. Anatazama mabakuli ya wateja, anasimama. Anatoa viazi viwili kikapuni, anavimenya hapo hapo na kuvitumbukiza sufuriani.

"Umetia chumvi mara mbili, Maryse."

"Hata hujaonja!"

"Nimeona divai," Régine anajibu, na kuwafuata wageni wake.

Maryse anabaki na mwiko mkononi, uso umemwiva. "Umemsikia? Mbele za watu!" Anakoroga kwa hasira, halafu sauti inashuka.

"Unajua kinachoniuma? Si hizo mia na thelathini. Ni hao kumi na wawili. Wanasimama naye siku nzima, anawashika mkono kuwaonyesha kukata kitunguu. Jumatatu hata majina yao hayakumbuki. Mimi nimesimama naye miaka kumi na tisa, halafu ananipita kama nguzo."

Saa saba sufuria ni tupu, viazi vimesaidia kunyonya chumvi. Maryse anampa mwandishi simu yake amsaidie kujaza fomu. Ni ya darasa la Régine, Jumanne ijayo, na ada yake ni ile ile wanayolipa wageni.

"Jina weka langu, lote. Sijifichi."

Chini kabisa fomu inauliza kama mwanafunzi ana mahitaji maalumu. Wengi hapo hutaja vyakula wasivyokula. Maryse anafuta mikono kwenye aproni, anafikiri kidogo.

"Andika nisimame kulia kwake," anasema. "Kama kuna mgeni pale, amhamishe."