Kibanio cha Mbao za Theluji

Nikipita karibu na mafundi wa kuchomelea pale Katesh, ikanifikia ile harufu ya chuma kinachoungua pamoja na mpira uliopata moto, hugeuza uso. Watu hudhani nayalinda macho. Waache wadhani. Wewe nitakuambia ukweli kwa sababu nimechoka kuubeba peke yangu: naona aibu, na aibu hiyo ninayo tangu nikiwa na miaka tisa.

Baba yangu, Fundi Amsi, alifanya kazi kwenye karakana ya shamba la ngano la serikali, huku uwandani Hanang. Mama alibaki Nambis na wadogo zangu, akilima. Mimi, Baba na Bibi mzaa baba tulijenga upande wa Hirbadaw, tukawa na ng'ombe watano. Baba alikuwa na mikono ya ajabu. Kombaini ikikatika chuma saa nne, saa sita inavuna. Lakini hakuwa na cheti, na kwa miaka yote hiyo aliandikwa kibarua, wakati vijana wenye cheti waliandikwa mafundi na kumwita yeye pembeni awaonyeshe kazi.

Mkubwa wa karakana alikuwa Mzungu tuliyemwita Injinia, ametoka nchi ya baridi. Alikuwa na binti wa rika langu, Elsi, aliyejifunza Kiswahili kwa vibarua na kushika sana somo la heshima. Alisema shikamoo kwa kila kilicho hai: kwa Bibi, kwa mlinzi, kwangu mimi, hata kwa ndama. Siku ya kwanza nilimjibu marahaba kwa sauti nzito, Bibi akanifinya mkono hadi nikaona nyota.

Mwaka huo Elsi alikuwa anarudi kwao, na huko, Injinia alisema, watoto wote wanateleza juu ya theluji kwa mbao. Binamu zake wangemcheka. Akatoa sandukuni mbao mbili nyembamba, nyekundu, zimekunjwa ncha, akaamua kumfundisha hapahapa. Bibi aliuliza theluji ni nini. Baba akamwambia ni kama mvua ya mawe iliyosagwa unga. Bibi akafikiri kidogo, akasema, "Na hao watu hawawezi kuhama?"

Nyuma ya ghala kulikuwa na mteremko wa udongo, na baada ya mavuno vibarua walimwaga hapo mabua ya ngano. Mabua makavu yanateleza kuliko unavyodhani. Kila Jumamosi mchana Elsi alifungwa zile mbao miguuni akashushwa. Kanuni ilikuwa ncha za mbele zikaribiane, visigino viachane, mwili uiname, mtu akae kama aliyebanwa na haja. Hapo mbao zinajizuia zenyewe. Sasa miguu ya Elsi haikusikia. Ncha ziliachana, mguu mmoja ukaenda Singida mwingine Mbulu, na mtoto akaanguka kifudifudi ndani ya mabua. Sisi watoto wa kambi tulicheka tukashika mbavu.

Baba hakucheka. Alizitazama zile ncha Jumamosi mbili, ya tatu akaja na kitu mfukoni. Vilikuwa vibanio viwili vidogo vya chuma, kila kimoja na skrubu ya kukaza kwa vidole, vimeunganishwa kwa kipande cha mkanda wa mpira wa kombaini. Unabana ncha hii, unabana ncha ile, mpira unazikataza kuachana lakini unaziruhusu kucheza kidogo. Alitengeneza pia fito lenye pete ya kumshika Elsi kiunoni kwa nyuma. Siku hiyo Elsi alishuka mteremko wote amesimama. Injinia alikigeuzageuza kile kibanio, akasema mbele ya watu wote, "Amsi, nikifunga mahesabu ya msimu nitaandika barua. Utaenda chuo Arusha, urudi na cheti."

Nyumbani, usiku huo Baba alikula akitabasamu ndani ya bakuli. Cheti kilikuwa na maana ya Mama na wadogo zangu kuja kuishi nasi kwenye nyumba za mafundi, zenye bati. Nilijua hilo vizuri. Usije ukasema nilikuwa mtoto, sikuelewa. Nilielewa.

Tulikuwa na ng'ombe mwekundu, Neema, aliyetupa maziwa kuliko wengine wote na mateke kuliko wengine wote. Kabla ya kumkamua lazima miguu ya nyuma ifungwe kwa kamba ya ngozi, na kufunga ilikuwa kazi yangu. Jumamosi moja alfajiri nikakuta mbwa ameitafuna ile kamba. Bibi alikuwa anakuja na kibuyu. Na juu ya sanduku la vifaa la Baba, kimeletwa kubadilishwa mpira, kilikuwepo kibanio.

Kwa mtoto wa mfugaji, kitu chenye vishikizo viwili na mpira katikati kina kazi moja tu duniani. Nikafunga mguu huu, nikafunga mguu ule, nikakaza skrubu. Kilikaa kama kilichotengenezwa kwa ajili ya Neema. Bibi, ambaye macho yake hayakuwa mazuri, alikamua akamaliza, akanisifu kwa kufunga vizuri, akaingia ndani. Ndipo Neema alipoamua kuondoka kabla sijamfungua. Alirusha mateke, akaanguka magoti, akainuka, akaburuta kile chuma kwenye mawe ya zizi hadi kikachomoka.

Nilikiokota. Skrubu moja ilikuwa imepinda, na pale Baba alipochomelea kulikuwa na ufa mwembamba kama uzi. Nilinyoosha skrubu kwa jiwe, nikafuta kinyesi kwa gauni langu, nikakirudisha juu ya sanduku, upande wenye ufa umelala chini.

Kwa nini sikusema? Niliogopa fimbo, ndiyo, maana vifaa vya Baba vilikuwa haviguswi. Lakini sitajipendelea. Mle ndani yangu kulikuwa na kitu kingine kidogo, kibaya. Baba alikuwa akikimbia nyuma ya Elsi na lile fito, amemshika kiunoni, akimwambia "taratibu, mama, taratibu." Mimi hakuwahi kunikimbilia nyuma hata siku moja. Nilitaka Elsi aanguke tena, kidogo tu, tucheke.

Mchana ule Baba alibadilisha mpira haraka haraka pale mteremkoni, Elsi akiruka ruka kwa kukosa subira, akafunga, akamshusha. Katikati ya njia ufa ulifunguka. Mbao ziliachana kwa nguvu, fito likamponyoka Baba, na Elsi akaenda ubavu hadi kwenye mawe ya msingi wa ghala. Mguu ulivunjika chini ya goti. Niliusikia. Hakuna aliyecheka.

Walipomaliza kumpakia kwenye Landrova, Injinia aliokota kibanio, akaangalia palipoachia, akampa Baba mkononi. "Amsi, umechomelea vibaya." Hakupaza sauti. Baba alikigeuza, akakisogeza karibu na macho, akakaa nacho muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, "Ndiyo, Injinia. Nilichomelea vibaya." Nami nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nachomoa mabua kwenye nywele.

Barua haikuandikwa.

Kwetu, aliyemvunja mtu mfupa haendi kumwona mikono mitupu. Hupeleka ng'ombe, na akipokelewa, maneno yameisha. Siku ya nne Baba alimfunga Neema kamba shingoni. Bibi alisimama mlangoni mwa zizi akamuuliza kama ameingiwa na wazimu, wakati kuna mitamba wawili wasiokamuliwa.

"Mama, huyu ndiye anayepaswa," Baba akasema, akanipa mimi fimbo nimswage kwa nyuma.

Elsi alikuwa barazani, mguu umefungwa plasta nyeupe. Alimwona Neema akasema, "Shikamoo, ng'ombe." Injinia alitoka, akadhani tumekuja kuuza. Alipoelezwa, uso ukamwiva, akatikisa kichwa, akacheka kwa kuona haya. "Hapana, hapana, Amsi. Rudi naye, watoto wako wanywe maziwa." Alidhani anatutendea wema. Hakujua kwamba ng'ombe akirudishwa, maana yake hujasamehewa. Baba aliinamisha kichwa, akageuza ng'ombe. Njia nzima sikuthubutu kumtazama.

Ng'ombe aliyetolewa harudi zizini. Neema alipelekwa kwa mjomba Yaeda Chini, nasi tukanywa chai ya rangi msimu mzima. Elsi alipona akaondoka na familia yake. Miaka ikapita, shamba lenyewe likafa, Baba akafungua kibanda cha kuchomelea Katesh, fundi mzuri asiye na cheti. Nikitoka shule, na baadaye hata nilipokuwa mwalimu mtu mzima, nilikuwa nikikaa pale kumsaidia. Mteja akimharakisha, alisema, "Ngoja. Mimi nilishavunja mguu wa mtoto." Halafu alinyamaza kidogo. Halafu akaomba nyundo ili agonge alipochomelea, mara tatu, kabla hajamkabidhi mtu kazi yake.

Bibi alikuwa akituambia mficha maradhi kifo humuumbua. Tulipomzika Baba nilipewa sanduku lake la vifaa. Chini kabisa, ndani ya kitambaa, nilikuta kile kibanio. Kwenye nyuzi za ile skrubu niliyoinyoosha, mahali ambapo gauni langu halikufika, kulikuwa na kinyesi kilichokauka kama udongo, na ndani yake nywele tatu nne nyekundu za ng'ombe.

Alikuwa ameziona siku ileile, pale kwenye mabua. Ndiyo maana hakupeleka mtamba. Tulikuwa wawili tuliokosa, Neema na mimi, akamtoa mmoja na kumbakiza mwingine nyumbani.

Na miaka yote ile, aliposema mbele yangu kwamba alivunja mguu wa mtoto, kisha akanyamaza kidogo, nilidhani anavuta pumzi. Alikuwa ananipa nafasi. Nami kila mara nilimpa nyundo.