Fundi Safari Moja na Sauti Iliyochelewa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni sinia. Nilikuwa nimeripoti asubuhi hiyo katika karakana ya kutengeneza mizani ya kielektroniki, nikiwa na cheti changu cha chuo kwenye bahasha. Fundi mkuu akatokea kwenye korido amebeba sinia lenye vikombe sita, bisibisi tatu, mizani iliyopasuliwa tumbo na barua za wiki nzima. Mlango aliusukuma kwa kiuno. Niliposogea kumpokea, alikataa.

"Ukigusa kimoja, vyote vinashuka," alisema.

Wenzake wanamwita Safari Moja. Akihitaji skrubu stoo, hanyanyuki mpaka akumbuke vitu vingine vinane vya kuchukua huko huko. Kwenye mizani tabia hiyo haikuwahi kumponza, kwa kuwa gunia halina haraka ya kujua uzito wake.

Anaishi nyuma ya karakana na mama yake na dada yake. Dada huyo alikuwa mwalimu wa muziki, hadi ugonjwa wa viungo ulipomnyang'anya nguvu za vidole, na vitufe vya kinanda vikawa vizito kwake kama milango ya chuma. Mwaka huu shule ya jirani ilitangaza nafasi ya mwalimu wa muziki. Ilikubali mwombaji aje na kinanda chake, mradi apige papo hapo pamoja na kwaya ya wanafunzi. Fundi akaahidi kumtengenezea dada yake kinanda.

Kilimchukua miezi minne. Kina vitufe sitini na kimoja vya mpira laini, na chini ya kila kitufe kuna kihisi kama kile kinachopima uzito ndani ya mizani. Kibao kidogo cha saketi husoma vihisi vyote mara elfu moja kwa sekunde, kisha hupeleka vipimo kwa waya wa USB hadi kwenye kompyuta, nayo hutoa sauti. Hata mguso wa unyoya kinausikia.

Ila kilichelewa.

"Mdogo wangu," dada alisema siku ya kwanza, "nabonyeza leo, sauti inakuja kesho."

Ucheleweshaji wenyewe ulikuwa milisekunde sabini, hata kope haijamaliza kupepesa. Lakini vidole vya mwanamuziki vinasikia. Vya dada vilianza kuisubiri sauti, wimbo ukapungua mwendo, na mama aliyekuwa akiimba pembeni akaishiwa pumzi katikati ya ubeti.

Fundi alinunua waya mfupi zaidi. Akaazima kompyuta nyingine. Mimi, kwa kujiamini kwa mtu aliyetoka darasani juzi, nilishauri kibao chenye kasi kubwa zaidi. Tulipopima, tuliona waya unapitisha data mara kadhaa zaidi ya tuliyohitaji, na bado sauti ilichelewa vile vile. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Dada akaanza kusema kwamba pengine nafasi ile si riziki yake.

Jumapili walinialika chakula cha mchana. Mama akaomba chumvi. Fundi akainuka nusu, akatuangalia mmoja mmoja.

"Nani mwingine anataka kitu jikoni?"

"Mwanangu, nimeomba chumvi, sikuomba msafara," mama alisema. "Chakula kinapoa."

Dada akacheka. "Msamehe, mama. Hata kinanda chake kimemrithi."

Fundi alibaki ameshika mgongo wa kiti. Kisha akatoka kwenda karakana, na chumvi mama akajiletea mwenyewe.

Nilimkuta mbele ya kompyuta, kidole kikiwa juu ya mstari alioandika yeye mwenyewe. Mstari huo uliiagiza saketi isitume chochote mpaka vipimo vijaze furushi la baiti elfu nane, yaani vipimo vya zaidi ya milisekunde sitini.

"Waya hauna kosa," alisema taratibu. "Sauti ya dada inakaa foleni, inasubiri vipimo visivyoihusu. Kosa ni langu."

Akaiagiza itume kila milisekunde, kidogo kidogo. Ucheleweshaji ukashuka, lakini sauti ikaanza kukwaruza: vipimo vingine vilipotea. Kompyuta ilikuwa ikiomba furushi moja, ikilishughulikia, ndipo iombe jingine, na mafurushi yaliyofika katikati yakakosa mpokeaji. Hapo nilichosoma chuoni kilisaidia. Nilimwambia kompyuta inaweza kuweka maombi manane mapema.

"Kama kupanga ndoo bombani," alisema, huku akiandika. "Moja ikijaa, nyingine iko chini ya maji."

Saa kumi jioni tulipima tena. Milisekunde sita, na hakuna kilichopotea.

Dada aliketi, akabonyeza kitufe kimoja. Akabonyeza tena.

"Imekuja na kidole," alisema.

Alipiga nyimbo tatu mfululizo, na mama hakuishiwa pumzi. Fundi alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akashusha pumzi kama mtu aliyetua gogo kutoka kichwani. Dada alipomwambia aondoke hapo atachafuka, alitikisa kichwa tu na kufumba macho, akisikiliza.

Usaili ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Nguo zimeshapigwa pasi, kinanda kimefungwa kwenye blanketi, na mimi nimepewa kazi ya kubeba kompyuta. Jana mwalimu mkuu alipiga simu kuuliza kwaya ianze na wimbo upi. Dada amechagua ule wenye mwendo wa haraka kuliko zote.