Rangi Mpya ya Lori

Juzi pale mtaani Gerezani, lori tupu lililotoka kupakwa rangi nyekundu liligoma kuwaka katikati ya barabara. Lina betri mbili, zote mpya, lakini mzee mwenye lori akizungusha ufunguo linatoa "tik" tu. Nyuma yake foleni nzima inapiga honi.

Fundi umeme aliyeitwa akachungulia chini ya betri.

"Mzee, betri zako nzima kabisa. Waya wa ethi, huu wa kuunganisha betri na chuma cha lori, umefungwa juu ya rangi, na umeme haupiti kwenye rangi. Nikwangue hapa chuma kionekane, halafu niufunge upya."

"Hapo hapo pembeni, panapoonekana?"

"Padogo tu, mzee."

Mzee alifumba macho wakati tupa ikipita. Fundi akavuka barabara kutafuta bolti mpya. Aliporudi, chuma hakionekani tena. Mzee amechuchumaa, brashi mkononi, anapapuliza kwa mdomo pakauke.

"Sasa mzee, umefanya nini?"

"Kijana wangu, lori likizima, kila mtu anajua magari huzima. Lakini doa hilo wataliona hata likitembea."

Fundi akarudisha spana kwenye boksi, akaenda zake kunywa chai.

Nilitaka kumcheka yule mzee, ila viatu vyangu vipya vilikuwa vinanibana tangu asubuhi, na sikuwa tayari kuvivua kwa jinsi vinavyopendeza. Basi nikaungana na wapita njia wengine kulisukuma lori lipishe foleni.

"Shikeni bampa!" mzee akatupigia kelele kutoka dirishani. "Msiguse rangi!"