Mboga za Kuongeza Damu

Mtaa mzima ulimwita Bibi Damu, na ni kwa heshima. Mboga zake, walisema watu, zinaongeza damu kuliko vidonge. Aliyelianzisha jina hilo ni nesi wa zahanati ya pale kona. Kila mjamzito aliyemwona mweupe viganjani alimwambia, "Pita kwa Bibi, uchukue mchicha."

Bustani ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye kiwanja ambacho zamani mafundi walipasulia betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo. Walipohama waliacha majivu na vipande vyeusi vya plastiki. Majirani walikiona jalala. Bibi alikiona shamba la bure. Akaokota plastiki, akachanganya majivu na udongo, maana nani asiyejua kwamba majivu ni mbolea? Mchicha ukashamiri hadi wapita njia wakawa wanasimama kuutazama.

Aliyeufaidi kuliko wote ni mjukuu wake wa miaka saba, aliyekuwa akiishi naye, wawili tu. Alikula mboga mchana na jioni, akacheza kwenye matuta, akanyonya vidole. Kwa hiyo Bibi alishangaa mtoto alipoanza kupauka. Tumbo lilimsokota, choo hapati, na jioni alisahau alichofundishwa darasani asubuhi.

Nesi akamfunua kope. "Damu imepungua, Bibi. Mwongezee mboga."

Akamwongezea. Mtoto akazidi kunyong'onyea.

Zahanati ilipopata daktari mgeni, yeye hakuuliza mtoto anakula nini. Aliuliza, "Hapo mnapoishi, zamani palikuwa na nini?" Alipoambiwa betri, akaacha kuandika, akatoa damu ya mtoto ikapimwe hospitali kubwa.

Majibu yaliporudi akamketisha Bibi. "Mjukuu wako ana risasi kwenye damu."

"Risasi? Daktari, mbona kwetu hakuna aliyesikia mlio!"

Daktari hakucheka. Alimweleza kwamba ni madini yale ya betri: hayaozi, hayaishi, yamekaa kwenye udongo. Vumbi lake linashika vidole na majani, mengine yanapanda na mizizi. Yakiingia mwilini yanaharibu damu, na kwa mtoto yanagusa ubongo.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nikimpunguzia damu."

"Hukujua, Bibi."

"Na wale wajawazito je?"

Daktari akatazama mlango, kama vile nesi angeingia kumsaidia kujibu. Nesi alikuwa stoo, anahesabu pamba.

Bibi hakungoja mtu amtume. Alipita nyumba kwa nyumba, akiwasihi wateja wake watupe mboga wakapime damu. Wachache wakaenda. Wengi wakamtazama kwa jicho la pembeni.

"Sema tu umepata hoteli ya kuuzia," mke wa fundi cherehani alimwambia, mimba ikiwa miezi minane. "Sisi wa siku zote hatuna maana tena."

"Mwanangu, mboga zina sumu!"

"Mbona wewe unazila na hujafa?"

Mikono ya Bibi nayo ilikuwa imeanza kufa ganzi. Alimshika mama yule mkono, akamkokota hadi kwa daktari huku akitukanwa njia nzima. Damu ilipopimwa, matusi yakakoma.

Wataalamu wa udongo wakaja na viatu vya mpira na glavu hadi viwikoni. Wakamwonya asiguse udongo ule. Wakati huo Bibi alikuwa peku. Mboga alizong'oa wakamkataza kuzichoma, kuzitupa au kuwapa mbuzi.

"Sasa nizipeleke wapi?"

"Tutakujulisha," wakasema, wakachomeka kibao cha HATARI, wakaondoka.

Mjukuu alipelekwa kwa shangazi yake, akapewa dawa, na polepole akaanza tena kukimbia na wenzake. Hesabu bado zinampiga chenga, na daktari hakuahidi kitu.

Bibi sasa anataka kupanda kwenye magunia uani. Juzi mwenye lori alimletea udongo mweusi, laini, wa kuvutia. Bibi akasimama mbali nao.

"Umetoka wapi huu?"

"Bibi naye! Udongo unatoka wapi zaidi ya ardhini?"

Akamwambia aurudishe.