Mawe Meupe ya Kiwanja cha Misheni

Na hiyo habari ya kwamba Kanali anafukua makaburi, iishie hapo hapo. Hajafukua kaburi la mtu. Alichoomba ni mawe, na mawe ni ya kiwanja cha ndege, sio ya marehemu. Tena kabla hamjamwita mchawi mngeuliza kwanza kaburi lililoanza kuvuliwa mawe lilikuwa la nani, na nani aliyabeba.

Kanali mwenyewe ni Tarsis Mlowe, mzaliwa wa hapa hapa misheni, saa nzima kwa pikipiki kutoka Njombe mjini. Baba yake alikuwa seremala wa mapadri. Mama yake, Hilda, alilima viazi na njegere. Siku ya kwanza ndege ndogo ya mapadri kutua pale kwenye nyasi, watu walikimbilia kupunga mikono. Tarsis alikimbilia kuangalia matairi. Yalikuwa na matope. Akarudi nyumbani akamwambia mama yake kumbe lile dude nalo linakanyaga chini kama sisi.

Jeshini aliingia baada ya kidato cha sita. Wakampima macho, wakampima hesabu, wakampeleka nje kusomea urubani. Huko akakutana na theluji. Akaandika nyumbani kwamba baridi yenyewe ni ya kule Ipelele milimani mwezi wa saba, wasimwonee huruma.

Aliporudi, wenzake wote walikuwa wanalilia ndege za kivita, zile zinazopita watu wanaziba masikio. Yeye akapewa ya mizigo. Tumbo kubwa, mwendo wa taratibu, ndani inanuka magunia. Wenzake wakambatiza jina, Utingo. Akacheka, akapanda. Miaka ishirini na sita amebeba mahindi, mahema, chanjo, askari wanaokwenda, na wengine wanaorudi ndani ya majeneza. Vyeo vikaja kimoja kimoja mpaka akawa Kanali, kikosi kizima cha ndege za mizigo kiko chini yake.

Alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wakubwa. Akitua kiwanja cha vumbi asichokijua, haondoki mpaka akitembee kwa miguu, mwanzo hadi mwisho, anapigapiga chini kwa kisigino. Siku moja huko porini mkubwa mmoja akamkalia kooni.

"Meja, tunachelewa. Unatafuta uyoga?"

"Ndiyo, afande. Nikiukosa tunaondoka."

Mbele kidogo, chini ya nyasi, kulikuwa na shimo la mnyama. Akamwita yule mkubwa aje aone. Mkubwa akaingiza mguu wake mwenyewe, ukazama mpaka gotini. Akautoa, akakung'uta suruali, akarudi kwenye ndege. Toka siku hiyo hakuuliza tena habari za uyoga.

Mama yake alifariki mwaka wa mafuriko. Tarsis alikuwa anapeleka unga kwa watu waliozungukwa na maji. Habari ilimfikia siku ya pili, na mkuu wake akamwambia nenda kazike. Lakini ndege ilikuwa moja, na rubani mwenzake yuko kitandani na malaria. Akabaki. Alipofika nyumbani zimeshapita wiki tatu. Mdogo wake, Silvesta, akampeleka makaburini. Akakuta kaburi limezungushiwa mawe makubwa, yamepakwa chokaa, yanang'aa. Akamshika mdogo wake bega, akamwambia umemheshimu mama kunishinda mimi. Silvesta akaangalia pembeni.

Kila mwezi wa kumi na moja, siku ya kuwaombea marehemu, kama yuko likizo, Kanali alikoroga chokaa akayapaka yale mawe kwa mkono wake.

Alistaafu miaka minne iliyopita. Wengine wakistaafu wanajenga Dodoma, yeye karudi hapa kapanda parachichi. Na kila asubuhi, jua likianza kuyeyusha umande, anakwenda kutembea kile kiwanja cha misheni, na fimbo yake, anapigapiga kisigino, macho yanatafuta mashimo; mawe ya kingo aliamini yamefunikwa na nyasi tu. Mkamcheka. Mkasema ametoka jeshini ila jeshi halijamtoka.

Sasa ikaja Juni hii. Timoth, mpasua mbao, mnamjua. Gogo la msindano lilimwangukia mguu huko msituni. Kanali akapiga simu kwa wale madaktari wa ndege, wakaja ndani ya saa moja na nusu. Ukungu ulikuwa mwepesi tu, kiwanja chenyewe kikavu. Ndege ikazunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu wote chini wanaiona. Rubani akampigia.

"Mzee, sioni kingo. Huku juu ni kijani tupu. Sijui wapi kiwanja, wapi viazi."

"Mawe meupe, kulia na kushoto. Huyaoni?"

"Naona machache machache, hayana mstari. Samahani, mzee. Siwezi."

Na ile ndege ikarudi ilikotoka. Hakuna wa kumlaumu yule rubani. Kanali mwenyewe alisema angekuwa yeye angerudi vile vile.

Timoth akaenda na Fuso la Halfan. Halfan ni mfanyabiashara wa Makambako, alikuja kupakia viazi. Akashusha nusu ya magunia, akamlaza jamaa juu ya yaliyobaki, wakateremka taratibu, Njombe mpaka Makambako, kisha mbele kwenye hospitali kubwa. Walimpokea vizuri, ila muda ulishakwenda. Mguu ukakatwa.

Wiki iliyofuata Halfan akarudi kupakia. Akamkuta Kanali amekaa kwenye ukingo wa kiwanja.

"Kanali, mimi na wewe kazi moja, nakwambia siku zote. Tena juzi ndege yako imerudi, Fuso langu limefika."

"Limefika saa ngapi, shekhe?"

Halfan akakaa kando yake. Utani uliishia hapo.

"Wale madaktari wa ndege wamenipigia," Kanali akasema. "Jumamosi ijayo saa nne asubuhi wanapita tena kukagua. Kingo zikionekana, tumebaki. Zisipoonekana, wanakifuta hiki kiwanja kwenye orodha yao. Hapo hata ukivunjika shingo, hawaji."

"Mawe yalikuwa mangapi?"

"Mia moja na kumi na nne. Nimekuta hamsini na mbili."

Halfan akaangalia lile bonde, akaangalia makaburi ya misheni kule ng'ambo, meupe pe. Alipanda kwenye gari akateremsha mifuko miwili ya chokaa, akaiweka miguuni kwa Kanali. "Hii sadaka," akasema. "Usinibishie."

Kanali akaanza kwa Oktavia, kwa sababu kaburi la mume wake liko karibu na njia na lina mawe manane. Oktavia alikuwa anamenya viazi mlangoni. Wakasalimiana vizuri, kamwene, kamwene. Kanali akaeleza shida yake, polepole, kofia mkononi. Yule mama akaendelea kumenya mpaka akamaliza kiazi alichoshika.

"Kanali, nakuheshimu. Ila anza kwa mama yako."

"Mama yangu kafanyaje?"

"Hajafanya kitu, amelala. Ila hayo mawe unayompaka chokaa kila mwaka unafikiri yametoka wapi? Sisi wote tuliona kwa mama wa rubani, tukaona ndo inavyotakiwa. Mume wangu alipokufa nikasema na yeye azikwe kama watu."

Kanali akavaa kofia yake. Akaenda moja kwa moja kwa Silvesta, akamkuta anafunga mbuzi.

"Silvesta. Mawe ya mama uliyatoa wapi?"

Silvesta akamaliza fundo. "Nilijua utauliza siku moja."

"Nauliza leo."

"Siku ya msiba watu walikuwa wananiuliza, mwenzako yuko wapi, mwenye ndege yuko wapi. Walikuwa wananong'ona mpaka kanisani. Ningesemaje? Nikaenda kiwanjani na toroli, nikachukua mawe kumi na nne. Nikawaambia haya ameyatoa Tarsis. Ili na wewe uonekane ulikuwepo, kaka."

Kanali hakugomba. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa pale uani, mbuzi wanamlamba suruali. Mwisho akauliza kama toroli bado lipo.

Lilikuwepo. Siku iliyofuata ilikuwa ya mnada, watu wamejaa njiani. Mzee wa miaka sitini na tatu akasimama mbele ya kaburi la mama yake, akavua kofia, akasali Baba Yetu. Halafu akainama akang'oa jiwe la kwanza. Yale mawe sio ya mchezo, kila moja sawa na ndoo ndogo, na toroli linabeba mawili. Silvesta akataka kumpokea, akakataa.

"Wewe uliyabeba kuja," akamwambia. "Kurudisha ni zamu yangu."

Akaenda safari saba, anakatiza katikati ya mnada, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Ya tano gurudumu likakwama kwenye mtaro mbele ya wauza mitumba. Mmoja akamtania, "Afande, umeishiwa mafuta?" Kanali akajibu, "Nimezidisha mzigo, kijana. Kosa la rubani." Wakamsukumia.

Silvesta akazungushia tofali za kuchoma pale makaburini, bila chokaa. Sio mbaya. Mama Hilda bado analala palepale, hajahamishwa hata shubiri.

Jioni kabla jua halijazama Oktavia akafika kiwanjani na wakwe zake wawili na mkokoteni wa ng'ombe. Mawe manane. Hakusalimia kwa maneno mengi. Akauliza tu yapangwe wapi. Kanali akamwonyesha kwa fimbo, matatu matatu, hatua hamsini kutoka fungu hadi fungu.

Sasa yamefika sabini na manne. Yamebaki arobaini, na kila mwenye nalo anajijua. Mengine yako makaburini, mengine mmefanya mafiga, mengine yameshikilia mabati ya mabanda ya kuku. Timoth yuko kwenye magongo na hamna hata mmoja wenu aliyemwangalia machoni. Kanali amelivua mawe kaburi la mama yake mzazi mchana kweupe ili msiwe na kisingizio, na bado mnakaa vilabuni mnasema anafukua makaburi.

Jumamosi ni saa nne. Ijumaa ng'ombe wafungwe, mje na mafyekeo. Na jiwe lako lilete mwenyewe, kwa mkono wako, usimtume mtu. Lilete.