Jina la Pettway Lililopigwa Bandi

Dewitt Pettway alikuwa amechezea timu saba za mpira wa Kimarekani, ule wa kudaka kwa mikono, kabla ya kuja kwetu Omaha, na sijui kama iko hata moja iliyojua kulitamka jina lake. Hakuwa mchezaji mbaya. Mbaya hufukuzwa mapema, akaenda kuuza magari akanenepa kwa raha zake. Dewitt alikuwa mzuri wa kuitwa, si mzuri wa kubaki. Kazi yake ilikuwa kukimbia pembeni, arushiwe mpira, audake. Kukimbia alikimbia. Mpira walirushiwa wengine.

Mkewe Lorraine alikuwa na mapazia ya miji saba, na hakuna hata moja lililoenea dirisha la Omaha.

"Mtoto kaanza shule," alimwambia mbele yetu sote, masanduku hayajashuka garini. "Mimi hapa sihami tena. Ukiachwa, utahama peke yako."

Mimi ndiye ninayeshona majina mgongoni mwa jezi, kule stoo ya vifaa. Tuna desturi yetu. Jina la nyota linapigwa mashine mara mbili, maana halitoki mpaka azeeke. La mpita njia napiga bandi kwa mkono, mishono mirefu ya haraka, ili akiachwa nivute uzi mmoja, kitambaa cha jina kibanduke, jezi avae mwingine. Hakuna anayelisema hili kwa sauti. Lakini mchezaji mgeni akipewa jezi, kwanza anaigeuza aangalie mishono.

Dewitt aliigeuza, akaja nayo mezani kwangu.

"Bi Earline, hii ni bandi."

"Macho ninayo."

"Piga mashine basi. Vijana wananicheka."

"Wacha wacheke. Mashine anaagiza kocha, mwanangu, haiagizwi na uso wa huzuni."

Mechi ya mwisho ya majaribio ilikuwa Ijumaa. Asubuhi ya kesho yake Strickland, msaidizi wa kocha, bwana mpole kama mzika maiti, hupita vyumbani akigonga: "Kocha anakuita. Njoo na kitabu cha michoro ya mchezo, ukirudishe." Ukiambiwa hivyo, umeachwa. Dewitt alishaambiwa mara saba, hata akawa akimwona Strickland amebeba kahawa tu, anakimbilia chooni.

Ijumaa hiyo mechi ilikuwa inaelekea ukingoni aliporushiwa mpira mrefu. Nadhani mrushaji alimkusudia mwingine. Dewitt akaudaka, akatimua mbio. Beki mmoja, pande la mtu, akamfikia, akamtia mkono mgongoni, palepale kwenye jina. Bandi nayo ikafanya kazi ya bandi. Krrr! Jitu likaenda chini kifudifudi, PETTWAY mkononi, na mwenye jina keshavuka mstari wa goli.

Uwanja mzima ulisimama. Mtangazaji alipotazama mgongo mtupu, akabahatisha, akapaza jina: "Whitlow!" Whitlow alikuwa benchi, anakula mbegu za alizeti. Akapunga mkono.

"Kasi ile mmeiona?" kocha akawaambia waandishi. "Mimi nilimwona tangu siku ya kwanza." Siku ya kwanza alidhani Dewitt ni dereva wa basi.

Kesho yake asubuhi Strickland aliupita mlango wa Dewitt bila kugonga. Haukupita muda, Dewitt huyo stoo, anahema.

"Nimebaki, Bi Earline! Lorraine kaenda kununua mapazia ya Omaha. Na kocha kasema, mashine, mara mbili!"

"Hongera. Lete." Nikatia uzi kwenye mashine.

Hakuiachia jezi. Alisimama ameikumbatia.

"Hawa tunaocheza nao wiki ijayo, mabeki wao wakoje?"

"Mikono kama makoleo ya kuzolea theluji."

Akachungulia mlangoni, akainama sikioni kwangu.

"Piga bandi, mama. Halafu juu yake nichoree mshono wa mashine kwa kalamu, vijana wasijue." Akafika mlangoni, akarudi. "Na hapo kwenye P, legeza kidogo."